Fataki Zisizo na Moshi

Ijumaa, tarehe 25 Julai mwaka 2025, Siku ya Mashujaa, Anjelina aliamka kabla ya adhana na kuanza kupiga pasi koti la mumewe, koti lile lile alilokuwa amelipiga pasi jana yake. Mumewe, Mzee Romani Komba, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akivipaka rangi viatu ambavyo navyo vilikwisha kupakwa. Nje, katika uchochoro wao wa Mtoni, muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, na kila vilipogongana Anjelina aliyatazama mabega ya mumewe.

Siku hiyo Mzee Romani alikuwa anaenda kuenziwa. Fainali ya mashindano ya mpira wa miguu ya mitaa ingechezwa alasiri katika kiwanja cha wazi kilichokuwa karibu na kwao, Mtoni dhidi ya Kimara. Kabla ya mpira kuanza, yeye, kama mzee aliyepigana Vita vya Kagera, angeishika bendera ya taifa na kutembea nayo kutoka pembeni mpaka katikati ya kiwanja, huku watu wote wamesimama. Katibu wa kamati ya mashindano alikuwa Venance, mtoto wake wa kwanza. Mdhamini alikuwa kampuni ya Magodoro ya Pumziko, iliyotoa kombe, jezi, vipaza sauti, na godoro moja jipya la kumzawadia shujaa.

Venance alikuwa amelitaja jina la baba yake mbele ya kamati kabla ya kumuuliza mwenyewe. Mzee alipoambiwa alisema atakwenda. Hakukubali kwa sababu ya godoro, ingawa godoro lao lilikuwa limebonyea katikati kiasi kwamba usiku waliviringika wote wawili shimoni. Alikubali kwa ajili ya rafiki yake Polikarpo, aliyefia ng'ambo ya Mto Kagera na ambaye hakuna mtu aliyewahi kusimama kiwanjani kwa heshima yake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo nyumba ile ililificha kwa miaka mingi. Tangu arudi vitani, Mzee Romani hakuweza kuvumilia mlio wa ghafla. Mlio haukumshtua tu kama unavyowashtua watu wengine. Ulimlaza chini kifudifudi, mikono kichwani, na kilipita kitambo kabla hajatambua alipo. Katika harusi ya binti yao Editha puto lilipasuka, na baba wa bibi harusi akajikuta chini ya meza. Anjelina aliwatangazia wageni kwamba mumewe amedondosha kifungo cha koti, akapiga magoti naye, wakakitafuta pamoja kifungo ambacho hakikuwahi kupotea. Kila mkesha wa mwaka mpya walifunga madirisha na kuifungulia redio mpaka mwisho.

Mtaani hakuna aliyejua. Wanaume wa kijiwe cha bao walimwita Kamanda, vijana waliokuwa wakigombana walinyamaza alipopita, na wenye ugomvi wa mipaka ya viwanja walimwita aje awasuluhishe. Hayo ndiyo yote aliyoyapata kutokana na vita. Aliamini kwamba siku watakapomwona chini, Kamanda atageuka kuwa jina la kuchekea.

Mtu mmoja tu wa nje aliijua siri hiyo, naye ni jirani yao Somoe, mjane aliyekaanga mihogo kwenye kibaraza kilichotazamana na mlango wao. Romani ni Mngoni wa Songea na Somoe ni Mndengereko wa Rufiji, kwa hiyo ni watani, na mtani kwa desturi husema atakalo bila kukasirikiwa. Somoe alimcheka Romani kwa ubahili, kwa masikio yake makubwa, kwa jinsi anavyokula ugali akiwa amefumba macho. Alidai kwamba Wangoni walipofika Rufiji waliona mamba mmoja wakarudi mbio mpaka Songea. Romani naye humjibu kwamba Wandengereko hawajawahi kupigana na kitu chochote isipokuwa mafuriko, na mafuriko hushinda. Lakini mkesha mmoja wa mwaka mpya Somoe aliingia kuazima kiberiti, akamkuta mtani wake amelala chini ya dirisha. Aliweka kiberiti mfukoni, akakaa akazungumza na Anjelina habari za bei ya mafuta mpaka milio ikakoma. Kuhusu jambo hilo hakuwahi kumtania hata mara moja.

*

Tangu Jumapili Anjelina alikuwa akimwandama Venance kwa swali moja tu. Alijua kwamba sherehe za siku hizi haziendi bila fataki. Venance alijibu kila mara kwamba amekwisha kuongea na wahusika. Ijumaa asubuhi, alipofika kuona kama baba yake yuko tayari, mama yake alimvutia jikoni na kufunga mlango.

"Umewaambia kweli, au umewaambia kidogo?"

"Mama, nimewaambia. Fataki zimeondolewa. Dada Herieth mwenyewe ameniahidi."

"Ulimwambia sababu?"

Venance aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Nilimwambia mzee ana matatizo ya kiafya. Akanielewa."

Ukweli ni kwamba Venance, mtu mzima mwenye watoto, mwenye duka la vifaa vya umeme na cheo cha ukatibu, alikuwa amesimama mbele ya msichana wa kampuni akashindwa kutamka kwamba baba yake anaogopa. Shujaa anayeogopa angewekwaje kwenye bango? Kwa hiyo alisema kwamba mzee ana pumu, na fataki zitamdhuru. Herieth, afisa masoko wa Pumziko, binti mwenye heshima na haraka nyingi, alimhakikishia kwamba jambo hilo ni dogo na litashughulikiwa. Venance aliondoka akiwa amepona aibu, akaona amefanya kazi nzuri.

Saa nne hivi Herieth mwenyewe alibisha hodi. Alimwamkia mzee kwa kupiga magoti kidogo, akafungua mfuko, akatoa fulana nyeupe yenye maandishi makubwa ya bluu kifuani: MAGODORO YA PUMZIKO.

"Shikamoo baba. Hii ndiyo utakayovaa. Na ile nishani yako ya vita tutaibandika hapa, juu kidogo ya maandishi, ionekane kwenye picha."

Mzee Romani aliishika fulana kwa ncha za vidole. Alisema kwamba nishani haikai kwenye fulana. Herieth alitabasamu, akaeleza kwamba hata mgeni rasmi atavaa, hata waamuzi. Mzee alirudia, kwa upole ule ule, kwamba nishani haikai kwenye fulana. Venance alitoka jasho. Alimkumbusha baba yake kwamba vipaza sauti, jezi na kombe vimelipiwa na hawa watu, na kwamba bila wao hapangekuwa na siku yenyewe.

Mwishowe Anjelina ndiye aliyetoa shauri. Mzee avae fulana ndani na koti juu, nishani ikae kwenye koti, na vifungo vya koti viachwe wazi. Walimvalisha. Herieth alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama, akaja akalipanua koti kwa mikono yake miwili mpaka neno PUMZIKO likaonekana lote. Mzee Romani alisimama huku akipanuliwa hivyo, macho yake yakiwa ukutani.

Msichana alipotoka, alimgeukia mkewe.

"Fataki wamesema hazitakuwapo?"

"Venance amesema hazitakuwapo."

"Venance amesema," alirudia mzee, akaketi tena akavifuta viatu.

*

Kiwanja kilijaa mapema. Watu wa Kimara walikuja kwa magari ya kukodi wakipiga vuvuzela, na Anjelina, aliyekaa katika viti vya plastiki karibu na meza kuu, alimwona mumewe akijikaza kila vuvuzela lilipolia. Alijipa moyo kwamba hizo si kitu. Sauti ndefu hakuwa akiiogopa, aliogopa mlio unaokatika. Upande wa pili, chini ya kamba, Somoe alikuwa ameweka jiko lake na karai, na alipouona msafara wa mzee ukipita alipaza sauti ili watu wote wasikie.

"Mngoni, leo umevaa fulana ya kulalia mbele za watu? Nyumbani kwenu hamna usiku?"

Watu walicheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mzee Romani naye alicheka. Alimjibu kwamba Mndengereko aangalie mihogo yake, inaungua kama kawaida ya mapishi ya kwao.

Mshereheshaji, kijana aliyeitwa Praygod, alikuwa na ulimi mwepesi na kipaza sauti kilichokoroma. Alimtambulisha mzee kwa maneno marefu: simba wa vita, nguzo ya chuma, mtu asiyejua hofu. Kila sifa ilipotamkwa Venance, aliyesimama nyuma ya meza kuu na karatasi za kamati mkononi, alihisi kifua chake kikipanuka. Wimbo wa taifa ukaimbwa. Kisha watu waliombwa wasimame kimya kuwakumbuka waliokufa, wakasimama, na kiwanja kizima kikanyamaza hata yakasikika mafuta ya mihogo yakichemka kwenye karai.

Katika ukimya huo Mzee Romani alikabidhiwa bendera, akaanza kutembea. Alitembea vizuri. Mgongo ulinyooka, mguu ulishuka na kupanda kama alivyofundishwa ujanani, na Anjelina, aliyelala naye shimoni usiku wote na kusikia jinsi alivyohema, alihisi machozi yakimjia.

Hapo ndipo Venance alipotazama nyuma ya goli la upande wa kulia, akaona vijana wawili wa kampuni wamechuchumaa kwenye makasha. Alimfuata Herieth mbio.

"Dada, zile ni nini? Si tulikubaliana?"

"Usiwe na wasiwasi, kaka Venance," alinong'ona Herieth kwa furaha ya mtu aliyetimiza ahadi. "Zile za moshi zote tumeziondoa. Hizi ni za mlio tu, hata harufu hazina. Pumu ya mzee haitaguswa."

Venance alifungua kinywa. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi, lakini hata sasa, huku baba yake akikaribia katikati ya kiwanja, lilikwama. Aliinua mkono kuwaashiria vijana wale waache. Wao walidhani ndiyo ishara waliyoisubiri.

Fataki ya kwanza ilipasuka kavu, bila moshi.

Mzee Romani hakuyumba wala hakupiga kelele. Alianguka kama mtu aliyevutwa miguu, kifudifudi, mikono kichwani, na bendera ikaanguka pamoja naye, nusu yake ikabaki chini ya kifua chake. Ya pili ikapasuka, na ya tatu. Watu walidhani ameteleza. Kisha walipoona hanyanyuki, na kila mlio unamkunja zaidi, kicheko kilianza upande wa Kimara, kikazunguka kiwanja chote kama moto wa nyasi. Simu zikainuliwa juu.

"Mleteeni godoro lake," mtu alipaza sauti, na wengine wakalidaka neno hilo.

Kutoka meza kuu walitoka watu watatu, mbio, wenye suti. Anjelina alipowaona alimshukuru Mungu. Walifika, wakainama, wakaichomoa bendera chini ya kifua cha mzee, wakaipangusa vumbi, mmoja akaikunja kwa uangalifu mkubwa. Kisha wakarudi nayo. Yule mtu walimwacha pale alipokuwa.

Anjelina alisimama, akabaki ameshika mgongo wa kiti cha mbele. Venance alisimama vilevile, karatasi mkononi. Praygod alisema kwenye kipaza sauti kwamba mzee wetu amechoka kidogo na jua, na vicheko vikazidi.

Somoe aliweka chini mwiko wake wa kukaangia. Alikaza khanga kiunoni, akainua kamba, akaingia kiwanjani. Hakukimbia. Alitembea kama mwanamke anayekwenda kuchota maji nyumbani kwake, akafika katikati, akatandika khanga ya pili juu ya vumbi, na akalala. Alilala kifudifudi, ubavu kwa ubavu na Mzee Romani, akageuza uso mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Mngoni," alisema chini kwa chini. "Tuko wangapi hapa?"

Alijibu bila kuondoa mikono kichwani. "Wawili. Mimi na Polikarpo."

"Basi sasa tuko watatu. Sogea, unanibana."

Fataki ziliendelea kupasuka mpaka makasha yakaisha, na muda wote huo Somoe hakuinuka. Aliendelea kumsemesha. Alimweleza kwamba mihogo inaungua kwa ajili yake, kwamba vumbi la Mtoni lina harufu ya mbuzi, kwamba kama adui yuko nyuma ya goli basi adui huyo ni wa Kimara na atafungwa mabao matatu. Kicheko cha watu kilipungua kwa sababu watu hawakujua tena wanacheka nini.

Milio ilipokoma Somoe aliketi, akajipangusa, akapaza sauti ile wanayoitumia watani msibani, sauti inayofika mbali.

"Anjelina! Njoo umchukue mumeo. Mie nimeshalala naye mchana kweupe mbele ya Mtoni yote na Kimara yote, na Mngoni huyu hana habari."

Kiwanja kililipuka kwa kicheko kipya, na safari hii kicheko kilikuwa cha Somoe, alikitaka mwenyewe na akakipokea chote. Wazee waliokuwa ukingoni walitambua utani ulipo, wakaanza kupiga makofi. Anjelina alijikuta amefika katikati ya kiwanja bila kujua miguu ilimpelekaje. Wanawake hao wawili walimnyanyua Mzee Romani, mmoja huku na mmoja kule, wakatoka naye taratibu. Koti lilikuwa limefunguka lote na maandishi ya bluu yalikuwa yamejaa vumbi, hayakusomeka.

*

Mpira ulichezwa, na katika nyumba ile hakuna aliyeuliza nani alishinda. Mzee Romani alilala chumbani, uso ukutani, na hakutaka chai. Alimwambia mkewe neno moja tu, kwamba kesho hatakwenda kijiweni.

Jioni, kabla giza halijaingia, Herieth alikuja na vijana wawili waliobeba godoro likiwa ndani ya plastiki yake. Venance alikuwa pamoja nao. Hakuwa amediriki kuja peke yake. Walilishusha uani. Herieth alikuwa na macho mekundu. Aliomba radhi, akasema haelewi kilichotokea, maana pumu anaijua, mdogo wake anayo, na mtu wa pumu haanguki vile.

Kabla hajamaliza Somoe alivuka uchochoro, akaingia uani bila hodi, akaketi juu ya godoro akakunja miguu.

"Hili langu," alisema. "Mtani wangu alianguka nikamlalia. Mali ya msiba ni ya mtani. Mkilitaka, likomboeni."

Majirani walioanza kujikusanya mlangoni waliguna kwa kuafiki, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi. Mtani akikamata kitu hakiachii bure. Venance alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mchana, maana hilo aliliweza. Alitoa noti ya elfu kumi. Somoe aliitazama kama anavyoutazama muhogo uliooza. Venance aliongeza nyingine. Somoe akajilaza kabisa juu ya godoro, akafumba macho.

"Rudisha hela yako mfukoni, Venance. Mie sikombolewi kwa noti leo. Mwambie huyu binti ulimwambia baba yako ana nini. Kisha mwambie alicho nacho. Hapo nitainuka."

Venance aliwatazama majirani, akamtazama mama yake. Anjelina alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, na safari hii hakutafuta kifungo chochote.

"Shangazi Somoe, tuongee ndani."

"Ndani mmeongea miaka yote."

Venance alizikunja noti zile mpaka zikawa ndogo sana. Alipoanza kusema sauti yake haikuwa ya katibu.

"Dada Herieth, nilikudanganya. Baba hana pumu. Baba anaogopa milio. Tangu vitani. Ikilia, anaanguka, na hawezi kujizuia. Ndivyo alivyo tangu nizaliwe. Niliona aibu kukwambia. Kosa si lako."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa kijiwe cha bao, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia yake akaishika. Herieth aliweka mkono mdomoni. Somoe aliinuka juu ya godoro, kama alivyoahidi, akaipigapiga plastiki mahali alipokuwa amekaa.

Nyuma ya Anjelina pazia lilisogea. Mzee Romani alitoka, bila koti, bila viatu, akiwa na shati lake la nyumbani. Alipita katikati ya watu mpaka alipokuwa mwanawe. Venance alisubiri, kichwa kimeinama, kama alivyokuwa akisubiri bakora alipokuwa mdogo.

"Yule kijana wa kipaza sauti alisema mengi," alisema mzee. "Simba, chuma, sijui nini. Sikumjua mtu aliyekuwa akimsema." Alimwekea mwanawe mkono begani. "Sasa ndiyo umenitambulisha."

Kisha alimgeukia Somoe, akamwambia kwamba godoro linanuka mihogo na hataweza kulilalia mpaka lianikwe siku nzima, na kwamba Mndengereko akianguka siku yake, yeye hatamlalia ng'o, atapita juu yake. Somoe alijibu kwamba kwanza ajifunze kuvuka kiwanja mpaka mwisho. Yule mzee wa bao alivaa kofia yake akauliza kama Kamanda atakuja kesho, maana hawajamaliza mchezo wao wa juzi. Mzee Romani alisema atakuja, ila wamwambie yule fundi wa baiskeli apasulie matairi yake mbali.

Wewe uliyeisoma habari hii usiifungie kabatini. Mpe mwenzako mwenye kamati ya mashindano mtaani kwake, mwenye bendera ya kukabidhi na mzee wa kumsimamisha juani. Na kama hajui kusoma, keti naye umsomee taratibu mpaka mwisho, kabla fataki hazijanunuliwa.